Nani Apige Mbiu?

Wazee wetu walisema kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Hawakusema neno juu ya mpiga mbiu mwenyewe, kwa kuwa katika siku zao hapakuwa na haja ya kuuliza. Kila mtu kijijini alimjua aliyeshika pembe, akamjua baba yake, na akajua nyumba anayolala. Akiipiga usiku wa manane watu waliamka, kwani kama angewadanganya, asubuhi wangemkuta mlangoni pake na kumtaka maelezo. Siku hizi mbiu ni nyingi. Yalia redioni, yalia katika simu ya mkononi, yalia katika gari lenye kipaza sauti, na imebandikwa ukutani mwa zahanati kwa rangi za kupendeza. Bali aliyeipiga hatumwoni, wala hatujui alalapo.

Wapenzi wasomaji, twataka kulitazama jambo hili kwa upande wa afya ya watu, kwani hapo kosa la mbiu huhesabiwa kwa makaburi. Ugonjwa unapoingia katika nchi, na wakubwa wa afya wanalo neno la kuwaambia watu, neno hilo lipite katika kinywa cha nani? Wengi hudhani kwamba hilo ni swali la ofisini, la mafundi wa redio na wachapaji wa mabango, nalo humalizika bei ikishajulikana. Sisi twaona kwamba ni swali la haki. Mtu hawezi kujiepusha na hatari asiyoambiwa. Na mtu aliyeambiwa kwa lugha asiyoielewa, au saa asiyokuwapo, au na mtu asiyeweza kumwamini, huyo hajaambiwa bado, hata kama katika daftari la ofisi imeandikwa kwamba tangazo limekwisha kutolewa.

Tuchukue mwambao wa Ziwa Tanganyika, upande wetu wa Kigoma. Ziwa lile lina urefu wa kilometa 670 hivi, na nchi nne zakunywa maji yake: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Mtu asimamaye sokoni Mwanga, mjini Kigoma, husikia Kiswahili, Kiha, Kibembe na Kirundi kabla hajamaliza kununua fungu la dagaa. Ukishuka Kibirizi utakuta maboti yapakia watu na mizigo kwenda vijiji vya kaskazini, Mwamgongo na Kagunga, ambako kwa miaka mingi hapakuwa na njia nyingine ila maji. Milima imesimama nyuma ya vijiji hivyo kama ukuta, na ziwa liko mbele. Ziwa hilo ndilo barabara yao, ndilo shamba lao, ndilo bafu lao, na kwa wengi ndicho kisima chao.

Mwezi Aprili 2015 ghasia za siasa zilizuka nchini Burundi, na watu wakaanza kukimbia. Makumi ya maelfu walishuka Kagunga, kijiji kidogo sana kwa umati ule, wakajazana ufukweni kungojea meli. Mwezi Mei kipindupindu kikatangazwa. Meli ya Liemba, ile kongwe iliyoundwa na Wajerumani na kushushwa majini Kigoma mwaka 1915, ikawa inawachukua watu mia sita hivi kwa safari moja kuwaleta mjini, wakapumzishwa katika uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Katika majuma yale ya kwanza watu 31 walikufa, 29 wakiwa wakimbizi na 2 wenyeji wetu. Wagonjwa walikuwa maelfu.

Sasa tufikiri. Umati ule ulihitaji nini? Ulihitaji maji safi, vyoo, dawa na meli, na heri wote waliovileta. Lakini ulihitaji na maneno machache. Msinywe maji ya ziwa bila kuyachemsha au kuyatia dawa. Msijisaidie ufukweni. Mtu akiharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, msimfiche. Mpeni maji ya chumvi na sukari njiani, mpelekeni upesi. Kipindupindu kisipotibiwa huweza kuua nusu ya wanaoshikwa sana nacho. Kikitibiwa mapema, hata mmoja katika mia ni nadra kufa. Hakuna maradhi mengi ambayo maneno machache kiasi hicho yana thamani kubwa kiasi hicho. Nani ayaseme? Afisa aliyetoka mjini kwa Kiswahili safi cha ofisini asingefahamika kwa mama wa Kirundi mwenye watoto wanne na maiti ya wa tano. Lakini Mha wa Kagunga, mvuvi asiyejua kuandika, angefahamika naye tangu neno la kwanza, kwa sababu Kiha na Kirundi ni kama watoto wa tumbo moja. Katika saa ile msemaji aliyefaa kuliko wote alikuwa jirani.

Jambo hili si geni. Mwaka 1876 tabibu mmoja Mwingereza aliyekaa Unguja, James Christie, alichapisha kitabu juu ya kipindupindu katika Afrika ya Mashariki, akaonyesha kwamba ugonjwa ulifuata njia za misafara, kutoka bara hadi pwani na kuvuka visiwani. Na habari zilipita njia ile ile. Waliobeba pembe za ndovu ndio waliobeba ugonjwa, na ndio pia waliokuwa na habari zake. Hata leo ugonjwa wa ziwani husafiri pamoja na mvuvi, mchuuzi wa dagaa na mgeni wa arusi kutoka ng'ambo. Utafiti uliofanywa Rumonge, upande wa Burundi, mwaka 1992, ulionyesha kwamba waliokunywa maji ya ziwa na waliooga ndani yake ndio waliougua zaidi. Mwaka 2023 kirusi cha polio kilipogunduliwa mkoani Rukwa, chanjo ilibidi itolewe katika mikoa sita, Kigoma ikiwa mmojawapo, kwani kirusi hakiulizi pasipoti. Anayetaka kujua neno la afya lipitie wapi, na atazame kwanza maradhi yamepitia wapi.

Bali twaona mara nyingi neno linapelekwa mahali ambapo ni rahisi kulipeleka. Gari la matangazo hupita penye barabara, na viko vijiji vya ziwani visivyo na barabara. Bango hubandikwa zahanati, na asiyeumwa hana safari ya zahanati. Ujumbe wa simu hufika penye mnara, na kwa mwenye simu, na katika nyumba nyingi mwenye simu ni baba, ambaye si yeye achotaye maji. Mkutano huitwa saa nne asubuhi, wakati wavuvi waliokesha ziwani wamelala usingizi wa wafu, na wake zao wako mwaloni wanaanika dagaa kabla jua halijawa kali.

Hapa tusimame kidogo, maana jambo hili la saa lina maana kuliko linavyoonekana. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kamili taa haina nguvu, na wavuvi hukaa nchi kavu siku kadhaa wakishona nyavu na kutengeneza mitumbwi. Basi ziko siku katika kila mwezi ambazo wanaume wote wa mwaloni wako nyumbani, wameamka, na wana nafasi ya kusikiliza. Kila mtoto wa Katonga na Ujiji anazijua siku hizo. Kalenda ya ofisi haizijui. Mtu akituuliza twataka nini tunaposema njia za mahali, tutamjibu kwanza hili: mwezi uangaliwe kabla mkutano haujaitwa. Halina gharama hata ya senti moja.

Kuna watakaosema kwamba tunawasifu mno watu wa mahali, na kwamba neno la afya likiachwa katika vinywa vya kila mtu litaharibika. Hoja hii ni ya kweli na hatutaki kuipita juu juu. Maji ya chumvi na sukari tuliyoyataja yana kipimo: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Maneno haya yakipita katika vinywa vitano, si ajabu wa tano akasema vijiko sita vya chumvi, na mtoto akadhurika zaidi ya alivyodhuriwa na ugonjwa. Tena kinywa cha jirani si lazima kiseme kweli. Mwaka 2011 habari zilienea nchi nzima kwamba katika kijiji cha Samunge, huko Loliondo, mchungaji mmoja mstaafu anatoa kikombe cha dawa kiponyacho maradhi makubwa yasiyoponyeka. Hakuna ofisi iliyoandaa mbiu ile. Ilipita kwa ndugu, kwa simu, kwa abiria wa basi, na ikafika kila pembe upesi kuliko tangazo lolote la wizara. Foleni ya magari ikawa ya kilometa nyingi. Wako wagonjwa waliotolewa vitandani hospitali, na wako waliokufa katika foleni ile wasikione kikombe.

Na kuna jambo zito zaidi, ambalo majirani zetu wa Rwanda hawatalisahau. Mwaka 1994 redio ya RTLM ilisema kwa lugha ya nyumbani, kwa mizaha ya nyumbani na nyimbo za nyumbani, na kwa sauti hiyo tamu ikawahimiza watu kuwaua jirani zao. Wakimbizi wa mauaji yale na wa vita iliyofuata walimiminika katika Ngara na mkoa wetu wa Kigoma. Basi mtu asituambie kwamba redio ya karibu ni njema kwa kuwa ni ya karibu. Ukaribu ni nguvu, na nguvu yaweza kushikwa na mkono wowote. Twafurahi hata hivyo kukumbusha kwamba katika nchi ile ile ya Ngara, mwaka 1995, Shirika la Wajesuiti la kuwahudumia wakimbizi lilianzisha Redio Kwizera, kwa ajili ya wakimbizi na wenyeji wao. Jina lake lina maana ya tumaini, nayo ilisema Kirundi na Kiswahili. Chombo kilikuwa cha aina moja na kile kilichoua, na lugha ni ndugu. Tofauti ilikuwa ni nani aliyekaa mbele ya kipaza sauti na alikuwa na deni kwa nani.

Hiyo ndiyo sababu hatukubali kwamba jibu ni kurudisha kila kitu mjini. Nchi yetu ilikwisha kuonyesha njia nyingine. Mwaka 1973, kwa muda wa majuma kumi na mawili, iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Wazee kati ya wasomaji wetu wanaikumbuka. Neno lilitungwa na waganga, likachapishwa katika kitabu kwa Kiswahili chepesi, likatangazwa na Redio Tanzania kwa nchi nzima kwa maneno yale yale. Lakini halikuachwa hewani. Katika vijiji watu walikutana katika vikundi, wakaisikiliza redio pamoja, kiongozi wao aliyekuwa mwenzao wa kijiji akawasomea kitabu, kisha wakaulizana: je, hapa kwetu malaria yatoka wapi? Choo chetu ki wapi? Wakaondoka na majembe. Watu karibu milioni mbili walishiriki. Vyoo vilichimbwa, majani yakafyekwa, madimbwi yakafukiwa. Kitabu kililinda kipimo kisiharibike, na jirani alilinda neno lisipuuzwe. Hatujui kazi nyingine ya elimu ya afya katika nchi yetu iliyounganisha vitu hivyo viwili vizuri kama ile, na twasikitika kwamba vijana wengi wa vyuo vya afya hawajapata kuisikia.

Kwa kulinganisha, zikumbukwe na amri za malale. Wakati wa Wajerumani, na tena katika miaka ya 1930 wakati wa Waingereza, ugonjwa wa malale uliposhika nchi ya Uha na mwambao wa ziwa, misitu ilifyekwa na watu wakahamishwa kwa amri wakusanyike katika makazi mapya. Huenda waganga wale walikuwa na haki kwa upande wa mbung'o. Lakini aliyehamishwa pasipo kuelezwa akaeleweshwa alitii kwa miguu tu. Utii wa namna hiyo hauachi elimu nyuma yake. Huacha kumbukumbu ya kusukumwa, na kumbukumbu hiyo hurithiwa. Mtoto wa aliyesukumwa akisikia kwamba Serikali yaja na sindano, huanza kwa kuuliza wanataka kutuhamisha wapi.

Sasa twafika penye kiini cha maoni yetu. Ofisi inapomwendea mzee wa mwaloni, au mkunga, au katekista, au sheikh, na kumwambia, Tafadhali waambie watu wako hivi, kwa kweli inamwazima kitu. Haimwazimi sauti tu, kwani sauti iko hata dukani katika kipaza sauti. Inamwazima jina lake. Watu watalipokea neno kwa sababu ni yeye aliyelisema, yaani kwa sababu ya miaka thelathini aliyokaa nao bila kuwaibia, aliyozika nao na kuoza nao watoto. Akiba hiyo ni yake, hakupewa na wizara. Na kitu cha kuazima kina sheria zake ambazo kila mtu wa kwetu azijua: chatumika kwa kazi iliyotajwa, chatunzwa, chakirudi kirudi kizima.

Tuseme mzee huyo ameambiwa awatangazie watu kwamba vidonge vya kutibu maji vitafika Alhamisi kwa boti. Akatangaza. Alhamisi boti haikuja, wala Ijumaa, kwa kuwa mafuta yalikosekana. Mjini jambo hilo ni kuchelewa tu. Mwaloni, mzee amekuwa mwongo. Mwezi ujao akisema chemsheni maji, watamcheka, na mtu atakufa kwa kicheko kile. Afisa aliyemtuma amekwisha kuhamishiwa wilaya nyingine. Ndiyo maana twasema kwamba ni dhambi, na neno hilo twalitumia kwa kulipima, kumpa mtu wa kijijini ahadi aitangaze ambayo mwenye kuitoa hana hakika nayo.

Na bei yaweza kuwa kubwa kuliko jina. Tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020 Ebola iliua watu zaidi ya 2,200 mashariki ya Kongo. Mwanzoni watu wengi waliona magari ya wageni, mavazi ya ajabu na walinzi wenye bunduki, wakakataa kuamini, na vituo vya matibabu vikashambuliwa. Ikatambuliwa, kwa kuchelewa, kwamba watu wa mahali ndio wanaoweza kusema na watu wa mahali, na redio ndogo za jamii zikafanya kazi kubwa. Mmojawapo wa watangazaji hao alikuwa Papy Mumbere Mahamba, wa redio ya jamii ya Lwemba, nchi ya Mambasa katika Ituri, aliyeongoza kipindi juu ya Ebola. Mwanzoni mwa Novemba 2019 watu walimwingilia nyumbani kwake wakamwua, wakamjeruhi mke wake, wakaichoma nyumba. Msemaji wa wizara mjini Kinshasa alikuwa na mlinzi mlangoni. Yeye alikuwa na majirani.

Kwa hiyo waandikao mipango ya elimu ya afya, na kusifu kwamba njia za mahali hugharimu kidogo, twawaomba wapige hesabu upya. Hugharimu kidogo kwa ofisi. Sehemu ya gharama imehamishwa kwa mtu ambaye jina lake halimo katika makadirio ya fedha.

Twaulizwa pia: je, Kanisa liwe mbiu ya mambo haya? Tujibu bila kuzunguka. Jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa Afrika ya Mashariki walizipa nafasi ya kwanza katika miaka ya 1970, hukutana nyumba kwa nyumba kila juma. Watu kumi au ishirini wanaojuana, na mgonjwa wa jirani ana jina. Ni kile kikundi cha Mtu ni Afya kikiwa kimekwisha kukusanyika. Itakuwa ajabu watu wasali pamoja kwa ajili ya mtoto anayeharisha, na asiwepo mmoja wa kuwaeleza maji ya chumvi na sukari. Matangazo ya mwisho wa Misa nayo yafaa. Lakini padre asilitie neno la bwana afya ndani ya mahubiri kana kwamba ni Injili. Kwani elimu ya afya hurekebishwa kila mara ujuzi ukiongezeka, na siku itakaporekebishwa watu wasije wakadhani kwamba na Injili imerekebishwa. Na tusisahau tuko wapi. Ujiji ni mji wa Waislamu tangu siku za misafara. Barua ya askofu haitafika Ujiji kama neno la imamu siku ya Ijumaa litakavyofika, na Mkristo apendaye jirani yake apone atafurahi kwamba imamu ndiye aliyesikilizwa.

Tena iko siku ambapo wajibu si kuazimwa kinywa, bali kukifungua mwenyewe. Mwishoni mwa Aprili 2020 hesabu za wagonjwa wa korona ziliacha kutangazwa Tanzania Bara, na kwa zaidi ya mwaka mmoja watu walizika wafu wao wakinong'ona. Mwishoni mwa Januari 2021 Baraza la Maaskofu lilitoa barua likawaonya waamini kwamba ugonjwa upo na wajikinge. Mwezi Machi mwaka ule Katibu Mkuu wake, Padre Charles Kitima, aliwaambia waandishi wa habari kwamba katika miezi miwili mapadre zaidi ya 25 na masista 60 walikuwa wamekufa, wakiwa na shida ya kupumua. Hawakusema kama matabibu. Walisema kama watu waliokuwa wakihesabu majeneza yao wenyewe, na kila parokia iliyosikia ilikuwa imekwisha kuzika. Sisi twaona kwamba hapo ndipo ulipo uzito wa njia za mahali: zinaweza kusema wakati njia kuu imenyamaza, nazo zaweza kwa sababu hazikukodiwa na mtu.

Litabaki jambo moja, nalo ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Njia ya maneno yapasa iwe na kwenda na kurudi, kama boti ya Kibirizi. Mama wa mwaloni akiambiwa chemsha maji, ana jibu. Kuni ziko mlimani, na mlimani ni hifadhi, au ni mbali, au mkaa ni bei. Debe moja la maji likichemka, mkaa wa kupikia ugali wa jioni umekwisha. Huyo si mjinga wala mkaidi. Amepiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi kwa mkaa alio nao. Bango haliwezi kulisikia jibu lake. Redio ya mbali haiwezi. Jirani analisikia; lakini kama jirani hana mahali pa kulipeleka, amefanywa mtu wa kuwalaumu wenzake kwa niaba ya ofisi. Laiti jibu lile lingefika juu, huenda badala ya mabango elfu moja zingepelekwa chupa za dawa ya maji, au bomba lingevutwa kutoka vijito vinavyoshuka milimani nyuma ya vijiji vile vile.

Wako kati ya wasomaji wetu madiwani, watendaji wa kata, waganga wa zahanati na watumishi wa halmashauri, katika Kigoma na katika mikoa mingine yenye maziwa na visiwa. Makadirio ya mwaka yatakapoletwa mezani, na kurasa za elimu ya afya kufunguliwa, twawaomba watafute mistari mitatu: mafuta ya boti ya kufika vijiji visivyo na barabara, posho ya mhudumu wa afya wa kijiji kwa siku anazoacha shamba lake, na siku ya mwezi ambayo mkutano wa mwaloni umepangwa. Wasipoiona, waulize kabla ya kupitisha, maana mvua zikianza, maji ya kwanza yanayoshuka kutoka milimani kuingia ziwani hupita penye vyoo.